Chanzo Kisichokaa Ndani ya Kitu

Miongoni mwa maswali magumu ya falsafa ni lile la kujua sababu ni nini hasa: kama ni kitu kinachoweza kunyooshewa kidole, au ni uhusiano uliopo kati ya vitu ambavyo kila kimoja, kikichunguzwa peke yake, ni kizima. Swali hilo hujitokeza waziwazi katika gari ambalo spika zake hutoa mlio mwembamba unaopanda dereva anapokanyaga mafuta na kushuka anapoachia.

Asili ya mlio huo inajulikana. Alteneta, yaani mtambo unaozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri, huzalisha umeme geu, ule unaobadili mwelekeo wake mara kwa mara, na dayodi zilizomo ndani yake huulazimisha uende upande mmoja. Lakini kazi hiyo haikamiliki, na juu ya volti 14 hivi zinazofika kwenye betri hubaki viwimbi vidogo. Alteneta yenye ncha 12 za sumaku, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hutoa viwimbi 1,200 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu hukisikia bila taabu.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza kwamba mambo mawili yakibadilika pamoja, kuna kifungo cha usababishi baina yao. Kwa kanuni hiyo alteneta inahusika, hilo halina shaka. Lakini mwenye gari anayeruka kutoka kuhusika hadi kulaumu, akanunua alteneta mpya, aghalabu huusikia mlio uleule, kwa kuwa hata alteneta mpya ina viwimbi.

Fundi makini huchomoa waya wa sauti kwenye amplifaya iliyo ndani ya buti. Mlio ukikoma, ina maana ulikuwa ukipita humo. Kisha huunganisha kwa muda hasi ya redio na hasi ya amplifaya kwa waya mmoja mnene, na mara nyingi spika hunyamaza. Redio ilikuwa imefungwa kwenye bodi kule mbele na amplifaya kule nyuma, na kwa kuwa umeme wa gari zima hurudi betri kupitia bodi hiyo hiyo, sehemu hizo mbili hutofautiana kwa kiasi kidogo cha volti. Tofauti hiyo husukuma umeme kwenye wavu wa shaba unaouzunguka waya wa sauti, na amplifaya huukuza kana kwamba ni muziki. Hata nati ikikazwa juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi vizuri, jambo hilo laweza kutokea. Redio ni nzima, amplifaya ni nzima, bodi inapitisha umeme, alteneta inachaji. Ni wapi basi kasoro ilipo?

Imam Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, alishikilia kwamba pamba ikikutana na moto kinachoonekana ni kuungua wakati wa kukutana, si kuungua kwa nguvu ya moto. Ibn Rushd alimjibu kwamba kuzikana sababu ni kuikana akili yenyewe. Onyo la Ghazali lina uzito mkubwa hapa, maana kuandamana kwa mlio na injini ndiko kulikompoteza mwenye gari. Hata hivyo, fundi anayekata na kuunga kwa makusudi, akaona mlio ukiondoka na kurudi kila mara, ameshapata zaidi ya kuandamana, ingawa alichokipata si kitu bali ni mpangilio wa vitu, na hapo Ibn Rushd ana haki.

Kichujio kinachofungwa kwenye waya wa sauti huweza kuuzima mlio, lakini huuacha mpangilio ulivyo. Dayodi iliyokufa ni jambo tofauti: viwimbi huongezeka, chaji hupungua, na umeme geu unaopimwa kwenye betri huwa mkubwa kuliko kawaida, huko kasoro ina mahali pake, na kuilaumu alteneta ni hukumu ya haki.