Mwenye Ardhi na Mwenye Jengo

Aghalabu mtu asimamapo chini ya majumba marefu ya mji mkubwa, fikira zake hukimbilia mnara wa Babeli na kiburi cha Firauni, akahukumu kwamba dhambi ya majumba hayo, kama yana dhambi, ni urefu wake. Hukumu hiyo naiona nyepesi. Kupanda juu hakumpunguzii Mola kitu, na jengo la ghorofa 70 liko mbali na arshi yake sawasawa na kibanda cha makuti. Swali zito liko chini, udongoni: mtu asemapo kwamba kitu fulani ni chake, amedai nini, na mpaka wa madai hayo uko wapi? Kwa swali hilo silijui jengo lenye mafunzo mengi kuliko Rockefeller Center ya New York, ambayo mwenye jina lake aliijenga juu ya ardhi ya watu wengine.

Mwaka 1801 tabibu David Hosack, yuleyule aliyemhudumia Alexander Hamilton alipopigwa risasi miaka mitatu baadaye, alinunua shamba nje ya mji, akapanda humo bustani ya mimea ya dawa kwa ajili ya elimu ya uganga. Gharama zikamshinda, akaiuza kwa serikali ya jimbo, nayo mwaka 1814 ikakipa chuo cha Columbia. Mji ukakua hata ukaizunguka bustani na kuimeza. Chuo kikakodisha viwanja, nyumba zikajengwa, na kodi ikawa riziki ya masomo. Msomaji wa pwani hatalionea jambo hili ugeni, maadamu misikiti na vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja vimeishi karne nyingi kwa mapato ya minazi na nyumba za wakfu.

Mwaka 1928 John D. Rockefeller Mdogo, mwana wa tajiri wa mafuta, aliikodi ardhi hiyo kwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka, akinuia kuwapatia Metropolitan Opera makao mapya. Mwaka uliofuata masoko ya hisa yakaanguka, watu wa opera wakajitoa, naye akabaki na mkataba mkononi, kodi ikimdai kila mwaka na mahali pasipokuwa na faida yoyote. Akaamua kujenga maofisi. Nyumba 228 zikabomolewa, maelfu ya wapangaji wakaondoka, na baina ya 1931 na 1939 yakasimama majengo 14, ambayo kubwa lao lina kimo cha karibu mita 260. Na maelfu ya mafundi waliokosa kazi katika miaka ile ya dhiki walipata humo chakula cha watoto wao, jambo ambalo insafu haituruhusu kulinyamazia.

Ukumbini mwa jengo hilo kubwa aliitwa Diego Rivera wa Meksiko kuchora ukutani picha ya mwanadamu kwenye njia panda. Akaingiza humo uso wa Lenin. Nelson, mwana wa Rockefeller, alimwandikia Mei 1933 akimwomba aufute aweke uso wa mtu asiyejulikana. Mchoraji akakataa, akajitolea kumwongeza Lincoln badala yake. Alilipwa ujira wake wote, akatolewa nje, picha ikafunikwa, na Februari 1934 ikavunjwavunjwa usiku. Hoja ya wenye jengo ilikuwa fupi: ukuta ni wetu, rangi tumeilipia.

Wanazuoni wa fikihi wangeipasua hoja hiyo vipande viwili, kwani wao hutenga umiliki wa kitu chenyewe na umiliki wa manufaa yake, na juu ya yote mawili huweka ukumbusho kwamba mwanadamu ni khalifa tu katika mali ya Mwenyezi Mungu. Mwenye mali ana ruhusa ya kula, kuuza, kurithisha na kuzuia. Ruhusa ya kuharibu kitu chenye manufaa hana, hata kikiwa kimetoka mfukoni mwake, na ndiyo maana ufujaji huhesabiwa maasia ijapokuwa hapana jirani aliyedhurika. Kwa mizani hiyo Nelson alikuwa na haki ya kuifunika picha miaka mia. Nyundo ndiyo iliyomtoa nje ya haki yake. Rivera naye aliichora upya picha hiyo katika jiji la Meksiko, kwa hiyo hasara haikuwa kamili. Lakini hisani ya aliyedhulumiwa haimsafishi dhalimu.

Kuna njia katikati ya majengo hayo, iitwayo Rockefeller Plaza, ambayo kila mtu huipita kana kwamba ni ya mji, nayo ni ya watu binafsi. Siku moja kila mwaka hufungwa, ili kuzoea kwa wapitao kusije kukageuka haki ya umma. Mimi nacheka kila nikilifikiri jambo hili, kwa kuwa linakiri hadharani lile ambalo hati za milki hulificha: kwamba umiliki ni dai linalohitaji kufanywa upya, na kwamba matumizi ya wengi, yakiachwa, huula polepole.

Hata ardhi haikutulia. Wakfu wa kisheria, tangu Sayyidna Umar alipoifunga ardhi yake ya Khaybar, hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi. Columbia haikufungwa na sharti hilo, na mwaka 1985 iliiuza bustani ya Hosack kwa upande wa akina Rockefeller kwa dola milioni 400. Miaka minne baadaye Mitsubishi Estate ya Japani ikanunua sehemu kubwa ya kampuni yao, na mwaka 1995 wenye majengo wakaenda mahakamani kuomba hifadhi ya muflisi.

Walakini naogopa kuikaza hoja yangu kupita kiasi. Wakati wa ujenzi, wenye haki katika pembe mbili za Sixth Avenue, mojawapo ikiwa na baa ya akina Hurley, walikataa kuondoka, na jengo kubwa likalazimika kupita katikati yao. Tukimwambia kila mwenye kiwanja kwamba mali yake ni amana tu, wenye nguvu watakuwa wa kwanza kuichukua kwa jina la maslahi ya wote, na mwuza ulevi wa pembeni hatakuwa na ukuta wa kujikinga. Haki ya kukataa ndiyo ngome ya mnyonge. Na wale maelfu ya wapangaji waliobomolewa nyumba hawakuwa nayo, basi hakuna jengo lililopinda kwa ajili yao.

Itikadi za Rockefeller Mdogo, alizozitangaza mwaka 1941, zimechongwa katika jiwe penye uwanja wa majengo hayo, na moja yao yaeleza kwamba kumiliki ni kuwajibika. Nayakubali maneno hayo. Upungufu wake ni kwamba hayasemi kuwajibika kwa nani, ilhali kadhi akiandika hati ya wakfu huwataja wanaostahiki, ili siku ya kugombana wapate kusimama mbele yake na kudai.