Lokori Walishapata

Lokori, kando ya mto Kerio, palikuwa na mzee. Simtaji jina kwa sababu nimemtunga mwenyewe, ingawa watu wa aina yake hawahitaji kutungwa. Kazi yake ilikuwa ndogo: kutia sahihi kwamba fulani ni mtoto wa hapa. Ibara ya 56 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali iwape watu waliosahaulika nafasi maalumu katika elimu na ajira. Nafasi ikishatengewa Lokori, lazima awepo wa kusema nani ni wa Lokori.

Mwaka ule ilitoka nafasi moja ya chuo cha uuguzi, na alama zilikuwa zimeshushwa kidogo. Binti wa jirani alizifikia, tena kutoka shule iliyokaa muhula mzima bila mwalimu wa kemia. Kabla hajaja kuomba barua, akatokea mfanyabiashara wa Lodwar na mwanawe aliyesomea bweni huko Kitale. Jina la Kiturkana kijana alikuwa nalo. Mbuzi wa kuchunga hakuwahi kuwa nao.

"Apa, huyu si damu yetu?"

"Ni damu yetu," mzee akajibu, macho kwa mabeberu watatu waliofungwa nyuma ya gari. Akatia sahihi.

Na hakusema uongo, hapo ndipo penye kazi. Wapinzani wa nafasi hizi husema alama ni alama, na muuguzi aliyeingia kwa huruma atatuua. Hoja hiyo hainitishi: kinachoshushwa ni kizingiti cha kuingilia, mtihani wa kumalizia ni ule ule kwa wote. Kinachonitisha ni neno "mwenyeji". Mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 huku Turkana mwaka 2012, wakazi walingoja ajira. Oktoba 2013 wakaandamana kuzidai pamoja na zabuni, hadi kampuni ya Tullow ikasimamisha shughuli. Walikuwa na haki. Lakini neno lile lile linamfunika mwenye lori wa Lodwar na mchungaji wa Lokori kwa shuka moja, na usiku shuka huvutwa na mwenye nguvu. Hata Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inayotaka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti, inahesabu kabila. Umbali kutoka kwenye lami haiuhesabu.

Kijana alihitimu vizuri, akapangiwa Lokori kwa kuwa ni "kwao". Alikaa wiki tatu. Simlaumu sana: joto, upweke, na habari za bunduki upande wa Kapedo. Akaomba uhamisho, akapewa. Zahanati ikabaki na mlinzi na ufunguo wake.

Usiku mmoja nge akamuuma mjukuu wa mzee. Mlinzi alifungua mlango, akawasha tochi, wakatazamana. Mtoto alipona kwa bahati na kwa pikipiki ya jirani.

Kulipokucha mzee akamfuata yule binti, ambaye siku hizo alikuwa akiuza makaa barabarani, akampeleka mwenyewe mjini kumwombea nafasi. Karani akafunua daftari, akateremsha kidole taratibu.

"Lokori walishapata, mzee. Tazama, sahihi si yako hii?"