Muuaji Hana Sura

Wajukuu zangu wa Ngara na Biharamulo, kaeni kidogo nizungumze nanyi.

Juzi tulikuwa pamoja kwenye kibanda cha video tukitazama Hotel Rwanda. Filamu ilipokwisha, mmoja wenu akamnyooshea kidole kijana mwenzenu ambaye ukoo wake uko Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, akamwita Interahamwe, jina la wanamgambo walioua watu katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Wengine mkacheka. Yule kijana akainamisha kichwa, akatoka. Mimi usiku ule sikupata usingizi.

Sisemi msitazame. Nimependa filamu tangu ujana wangu, na hiyo ya Terry George, ya mwaka 2004, ni kazi ya watu wanaojua kazi yao. Kumbukeni pale Don Cheadle, anayeigiza Paul Rusesabagina, meneja wa hoteli, anaporudi hotelini, baada ya gari alimokuwa kupita juu ya maiti kwenye ukungu wa alfajiri. Anabadili shati, anajaribu kufunga tai, mikono inakataa, anaanguka chini analia. Hapo hakuna panga wala damu inayomwagika, lakini ndipo nilipoona ukubwa wa msiba.

Kasoro yake ni kwamba wauaji unawatambua wakitokea tu: mashati ya rangi rangi, mapanga juu, kelele. Mtazamaji hasumbuki kujiuliza nani ni nani. Sisi wa Ngara tulisumbuka.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu waliokimbia Rwanda walianza kumiminika kwetu kupitia daraja la Rusumo. Kwa muda wa siku moja tu walivuka kiasi cha 250,000, godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni. Chini yao mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Wasio na hatia walikuwa wengi mno, na wauaji walikuwa katikati yao, wamechoka vilevile, wana kiu vilevile. Tuliwapa maji wote. Ni nani kati yetu angeweza kuwatenga kwa kuwatazama usoni?

Mmoja wao alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, hapo ng'ambo tu ya daraja. Katikati ya mwezi ule watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye walichinjwa, naye akiwa miongoni mwa walioongoza. Baadaye akawa mkimbizi kambini Benaco, hapa kwetu, na Fergal Keane, mwandishi wa BBC, alimkuta hapo akazungumza naye. Alikamatwa Juni 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ikasikiliza mashahidi, na Juni 2004 ikamhukumu miaka 30. Julai 2006, kwenye rufaa, adhabu ikawa kifungo cha maisha. Hesabuni: tangu daraja hadi neno la mwisho la majaji ni miaka 12. Nanyi kesi ya mwenzenu mliimaliza kabla jenereta halijazimwa.

Hata shujaa msimkabidhi kwa filamu moja. Baadhi ya walionusurika katika hoteli ile wamekanusha jinsi Paul Rusesabagina alivyochorwa. Mwaka 2021 mahakama ya Kigali ilimfunga miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, na mwaka 2023 akaachiwa. Maisha ya mtu yanaendelea baada ya filamu kuisha.

Basi, mkitazama mkasa wa kweli, ulizeni nani hayumo. Nyarubuye haimo, Benaco haimo, na bibi zenu waliokesha wakichota maji hawamo. Waulizeni wangali hai.

Pia sikilizeni tena mwanzo wake. Skrini ni nyeusi, redio peke yake inasema. Mtengenezaji alijua anachofanya, kwa kuwa kabla ya panga kulikuwa na maneno: watu waliitwa mende mpaka masikio yakazoea. Kihangaza chetu ni ndugu wa Kinyarwanda na Kirundi. Sumu ile haihitaji mkalimani kuingia nyumbani mwetu. Ninyi mnaojua kwamba Interahamwe ni wauaji, mkamvika mwenzenu jina hilo kwa mzaha, mmeanza kuyazoeza masikio yenu.

Mwenye ushahidi wa uovu aupeleke kwenye vyombo vya sheria, asimame akahojiwe. Asiye nao arudishe kidole chake.

Kesho, wanangu, nendeni nyumbani kwa kijana yule. Mkamwombe radhi mbele ya mama yake, kwa sauti ileile mliyomchekea nayo. Akiwasamehe, mkaribisheni tena kibandani, na mumwachie nafasi akae katikati yenu.