Nyanyuka, Kiti Kipo Nyuma Yako

Wewe uliyeambiwa una maltipo sklerosisi, maradhi ambayo wengi tunayaita MS, leo nataka kusema nawe. Wewe unayeamka asubuhi umechoka kama mtu aliyekesha analima. Wewe ambaye mguu mmoja unauburuta, na wapita njia wanadhani umelewa. Tena nasema na mama yako, mumeo, wifi yako, na kila anayekuzuia usinyanyuke kwa sababu anakupenda.

Neno langu ni moja. Udhaifu ulio nao mwilini si wote wa ugonjwa. Sehemu yake umeletewa na kukaa, na kilicholetwa na kukaa kinarudishwa kwa kunyanyuka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Askari wa mwili, wale wa kupigana na vijidudu, wanageuka na kuishambulia mayelini, ala ya mafuta inayoifunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho. Fikiria mfereji wa shamba kule mlimani uliobomoka kingo. Maji yanatoka kwenye chanzo yakiwa mengi, yanafika migombani yakiwa machache na yamechelewa. Ndivyo amri ya ubongo inavyosafiri kwenda mguuni. Misuli ipo, mfupa upo, ila habari haifiki sawasawa. Daktari Jean-Martin Charcot aliyaeleza maradhi haya katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, mwaka 1868. Leo watu karibu milioni 3 duniani wanaishi nayo, wanawake wakiwa mara mbili ya wanaume au zaidi, na wengi hugundulika wakiwa kati ya miaka 20 na 50, umri wa kulea na kutafuta riziki.

Sasa sikiliza namna hofu ilivyoingia. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona jambo kwa wagonjwa wake. Wakijishughulisha kwa nguvu, macho yalifunga ukungu; wakipumzika, kuona kulirudi. Alichokiona kilikuwa kweli. Baadaye ikajulikana kwamba kiini ni joto la mwili: mshipa uliochunika mayelini unaweza kukwama kupitisha habari joto likipanda hata nusu digrii, na likishuka unafunguka tena. Hakuna kinachoungua mle ndani, hakuna kinachoharibika. Lakini kwa miaka mingi mno madaktari waliziona zile dalili zikipanda, wakaogopa, wakawaambia wagonjwa wao: usijichoshe, tulia, kaa. Kizazi baada ya kizazi watu walifungiwa vitandani kwa sababu ya ukungu ambao ungeondoka kwa kivuli na maji ya baridi. Nikilifikiria hili roho inaniuma.

Jimmie Heuga aliambiwa hivyo hivyo. Alikuwa Mmarekani, bingwa wa kuteleza kwenye theluji, aliyepata medali ya shaba ya slalomu katika Olimpiki ya Innsbruck, Austria, mwaka 1964. Yeye na mwenzake Billy Kidd, aliyechukua fedha siku ile ile, ndio wanaume wa kwanza wa Marekani kupata medali za Olimpiki katika kuteleza mteremkoni. Mwaka 1970 akagundulika ana MS. Ushauri ukawa apumzike. Akatii. Mwili uliozoea kushuka milima kwa kasi ukatulizwa kitini, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyozidi kulegea, mwili na roho pia. Miaka ikapita hivyo. Kisha akaanza mwenyewe, kidogo kidogo: baiskeli, kuogelea, kunyoosha viungo. Hakuwa akitafuta medali tena, alikuwa akitafuta nguvu ya kuishi siku yake. Akaipata. Mwaka 1984 akafungua kituo Colorado cha kuwafundisha wenzake wenye MS.

Sitakudanganya kuhusu miaka yake ya baadaye. Ugonjwa uliendelea, na akaja kutumia kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 8 Februari 2010, miaka 46 kamili tangu siku ya medali yake, na miaka 40 tangu aambiwe akae. Miaka 40! Mazoezi hayakumponya, na wewe hayatakuponya, wala hayachukui nafasi ya dawa ulizoandikiwa. Yalimpa kilicho chake, kile ambacho kukaa kulikuwa kunamnyang'anya.

Na si yeye peke yake. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah wakiongozwa na Jack Petajan walitoa matokeo ya watu 54 wenye MS. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuzungusha pedali kwa mikono na miguu, dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Kundi jingine halikufanya. Waliofanya, uwezo wa mwili wao kutumia hewa ulipanda kwa asilimia 22, na mikono na miguu ikapata nguvu. Tangu hapo tafiti zimefuatana, na hazijaonyesha kwamba mazoezi yanaamsha mashambulizi ya ugonjwa. Ile hofu ya karne nzima haikuwa na mguu wa kusimamia.

Tuje nyumbani. Wifi yangu, yuko Tanga, ana MS mwaka wa tano huu. Miaka miwili ya mwanzo hakuachiwa hata kujichotea maji ya kunywa. Mama yake alikuwa anamwahi kila mahali: "Tulia, mwanangu, nipo." Akitaka kwenda uani, mama na mkono. Akitaka kukunja kanga zake, mama ameshazikunja. Mapenzi yale nimeyaona kwa macho yangu na siwezi kuyabeza. Lakini mapaja ya wifi yalikuwa yanakwisha tukiyaangalia.

Akaja kijana mmoja wa fiziotherapia, mpole, hana haraka. Akachukua kiti cha mbao cha mezani, akakiegemeza ukutani kisiteleze. Akamwambia wifi avue kandambili, akae ukingoni, nyayo zishike sakafu sawa na upana wa mabega, mikono aikunje kifuani. "Inama mbele mpaka pua ipite magoti, halafu nyanyuka." Wifi akanyanyuka. Akakaa. Akanyanyuka tena. Mara ya tatu magoti yakaanza kutetemeka, akafika nusu, akarudi kitini kwa kishindo. Mama akaruka: "Basi, baba, basi! Unaniulia mtoto." Yule kijana hata sauti hakupandisha. "Shikamoo mama yangu. Hataumia. Kiti kipo nyuma yake."

Mara mbili na nusu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wake, na sioni haya kukuambia, kwa sababu pengine wako utakuwa mara moja. Anza na hiyo moja. Nyanyuka kwa hesabu ya tatu, shuka kwa hesabu ya tatu, usijibwage. Katika kushuka polepole ndimo misuli inamojengeka. Mkono ukitaka kushika meza, ushike. Zoezi hili linafanana na maisha yenyewe: ndilo linalokutoa kitandani, kwenye daladala, msalani. Ukiliweza, uhuru wako umeurudisha mikononi mwako.

Utaniuliza, nitafanyaje mazoezi na hilo linalonikosesha raha ni uchovu? Swali la haki. Uchovu wa MS si uvivu, na anayekuita mvivu hajui anachosema. Lakini wengi waliofanya mazoezi kwa kipimo wameona uchovu wao unapungua, kwa sababu mwili wenye nguvu hutumia jitihada ndogo kwa kazi ile ile. Kipimo ndio siri. Mwongozo uliotolewa Kanada mwaka 2013, kwa watu wazima wenye MS ambao ulemavu wao ni mdogo au wa kadiri, unasema nusu saa ya mazoezi ya kuchangamsha moyo mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Ni hivyo tu! Nusu saa yenyewe unaweza kuigawa dakika kumi kumi. Ujue umefika kiwango pale unapoweza kumjibu jirani salamu zake zote, lakini kaswida huwezi kuimba.

Joto ndilo la kuchunga kwetu sisi wa pwani. Mwezi wa Februari saa nane mchana hata mzima anatafuta baraza. Basi fanya alfajiri, au jioni jua likishatua. Kabla ya kuanza, tia miguu kwenye beseni la maji baridi kwa muda. Lowesha kanga uizungushe shingoni, weka feni ikuelekee, kunywa maji ya baridi kidogo kidogo. Najua wengi mnajinyima maji kwa kuogopa mkojo wa ghafla. Mwambieni mtaalamu, maana yapo mazoezi ya misuli ya nyonga yanayosaidia kuuzuia. Ukiona macho yamefifia au mguu umezidi uzito katikati ya zoezi, kaa, jipoze, ngoja. Vitarudi. Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 na huna homa, hiyo ni ya daktari. Na kama una homa, iwe malaria au nyingine, kapime na utibiwe kwanza. Homa peke yake inapandisha dalili zote, na siku hiyo si ya mazoezi.

Wewe uliye kwenye kiti cha magurudumu, usidhani nimekuruka. Mazoezi si mali ya wanaotembea. Chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji ni vyuma vyako: zinyanyue ukiwa umekaa, mara nane, pumzika, mara nane tena. Vuta pumzi ndefu, itoe kwa kusukuma midomo ikiwa imebana, kwa maana misuli ya kifua nayo inalegea isipotumiwa, na ndiyo inayokusaidia kukohoa. Nyoosha vifundo na magoti kila siku, hata kama mwingine ndiye anayekunyooshea, misuli isije ikakakamaa. Mtaalamu wa fiziotherapia akikuona hata mara moja tu, mwombe akuandikie ratiba yako, si ya mtu mwingine.

Nanyi wa nyumbani, kazi yenu ipo, na ni kubwa. Ondoeni zulia linalojikunja mlangoni. Pigeni deki mapema, sakafu ikauke. Kaeni karibu, mikono iwe tayari, lakini msimshike kabla hajaomba. Kumwangalia umpendaye akitetemeka na usimguse ni kazi nzito kuliko kumbeba, nami nimemwona mama akiifanya huku machozi yanamlengalenga.

Wifi leo anatembea na fimbo hadi dukani pembeni ya msikiti na kurudi, akipumzika mara moja kwenye benchi la fundi baiskeli. Zipo siku mwili unagoma kabisa, na siku hizo hufanya mara mbili tu, akakaa, wala hajilaumu. Kesho yake anarudi kwenye hesabu yake.

Wiki iliyopita nililala kwao. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza, nikasikia mlio wa kiti ukutani. Kisha sauti ya mama, ile ile iliyokuwa ikisema tulia, sasa inahesabu. "Saba." Kimya, pumzi, mti wa kiti ukalia. "Nane. Bado mbili, mwanangu. Nyanyuka."