Nyundo Pekee Haitoshi



Somo letu la mwezi huu latoka katika Waraka wa Mtume Paulo kwa Wagalatia, sura ya 6, mstari wa 1. Hapo Mtume afundisha kwamba Mkristo akianguka, wenzake waongozwao na Roho wamsaidie asimame tena, nao wafanye hivyo kwa upole, kila mmoja akiichunguza nafsi yake. Neno la Kiyunani alilolitumia Paulo ndilo lile tulionalo katika Injili, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Basi ni neno la mafundi. Kwa hiyo na tuende kwa fundi mmoja tukajifunze, yaani fundi wa matarumbeta na klarineti.

Tarumbeta ni bomba la shaba ya manjano, nalo ni jembamba sana. Upande wake mpana una unene wa karibu nusu milimita tu. Likianguka hubonyea. Mtu asiyeijua kazi hii hutwaa nyundo akagonga kutoka nje, na kila pigo huongeza bonde jingine. Fundi hafanyi hivyo. Anayo gololi ya chuma iliyofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu. Huiingiza ndani ya bomba mpaka ifike chini ya pale palipobonyea, kisha huisukuma shaba irudi mahali pake polepole, akianza na gololi ndogo na kuendelea na kubwa zaidi.

Tena gololi moja haitoshi. Bomba hupanuka kidogo kidogo, na kila aina ya chombo ina vipimo vyake. Kwa hiyo fundi huweka gololi nyingi, moja ikiizidi nyingine kwa sehemu ya milimita, na akikosa inayofaa huenda kwenye mashine ya kukereza akaitengeneza mwenyewe. Ndivyo ilivyo hata kwa klarineti, ambayo mara nyingi huchongwa kwa mpingo, mti wa misitu yetu ya Lindi. Springi zake ni nyembamba kama sindano, na vidole haviwezi kuzishika. Basi wako mafundi watwaao sindano ya kufumia sweta, wakaikata pengo la kusukumia katika ncha moja, na ndoana ya kuvutia katika ncha ya pili.

Je, sisi tuna vifaa vingapi? Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, twamtenga. Mzee akishikwa na ulevi, twamtenga. Mweka hazina akila sadaka, twamtenga. Makosa ni mbalimbali, nyundo ni ile ile. Jina husomwa kanisani, halafu hupita miezi, hata miaka, wala hakuna abishaye hodi nyumbani kwake. Yule binti hukaa nyumbani Jumapili akisikia kengele, na mtoto wake hajabatizwa. Ndugu zangu, huko ni kutupa chombo stoo na kusema tumekitengeneza.

Pengine mtu atasema, "Padre ataka kulegeza sheria za Kanisa." La, hasha. Iangalieni ile gololi. Ni ngumu kuliko shaba. Kama ingekuwa ya nta isingenyosha kitu. Dhambi na iitwe dhambi. Lakini gololi hiyo, pamoja na ugumu wake, husuguliwa kwa msasa na kung'arishwa mpaka iwe laini kama kioo, maana ikiwa na mkwaruzo, mkwaruzo huo hujichapa katika shaba. Hapo twaelewa kwa nini Mtume alitaka kila mmoja ajichunguze kwanza. Ukimwendea ndugu yako na kiburi, au na kinyongo cha mpaka wa shamba, utamwachia alama hiyo, nawe utarudi ukisema umemwonya.

Fundi atufundisha na saburi. Kile kipande cha mdomoni kikikwama, wengi hukishika kwa koleo na kukizungusha kwa nguvu, hata bomba likapindika. Kifaa cha fundi kina skrubu mbili; hukaza hii kidogo, na ile kidogo, kwa zamu, mpaka kipande kitoke. Yuko ndugu ambaye hatasema neno katika ziara ya kwanza, wala ya pili. Usimvute kwa nguvu. Rudi tena wiki ijayo.

Na gharama ni ya nani? Mjini Los Angeles, Marekani, vyombo vya muziki vya wanafunzi wa shule za umma vimekuwa vikitengenezwa bila malipo tangu mwaka 1959. Filamu fupi ya mwaka 2023 iitwayo The Last Repair Shop, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2024, yaonyesha mafundi wanne wa karakana hiyo. Mmoja alikimbia mapigano katika nchi alikozaliwa; mwingine ni mama aliyelea watoto wake katika uhitaji. Waliwahi kuumizwa, nao watengeneza. Mtoto aliyeleta tarumbeta lililobonyea haulizwi fedha. Vivyo hivyo Bwana wetu alikwisha kulipa gharama yetu msalabani, wala hakungoja kwanza tunyooke.

Basi nawasihi wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja, na ninyi nyote mshirikio Meza ya Bwana: mwezi huu kila mmoja achague nyumba moja ya aliyetengwa. Mwende bila daftari, wala msiende kundi zima. Mpige magoti kwanza, mkamwombe Mungu awasugue ninyi.

Ee Bwana, tufanye vifaa vifaavyo mkononi mwako. Amina.

Padre wenu katika Kristo