Dhambi Ileile Kila Mwezi



Kijana mmoja wa jumuiya aliniambia hivi, na ameniruhusu niandike bila jina lake: "Frateri, mimi kuungama nimeacha. Naungama kitu kilekile tangu mwaka wa Kipaimara. Natoka pale mwepesi kabisa, wiki mbili haziishi, niko palepale. Ama Kitubio hakifanyi kazi, ama mimi ni muongo." Dhambi yenyewe siitaji. Ni usiku, ni simu, umeelewa. Nimesoma falsafa miaka mitatu, na ile "ama, ama" yake ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko dhambi, kwa sababu imeshamtoa kwenye Komunyo miezi kadhaa sasa. Na ninaamini ameruka jibu la tatu.

Jibu hilo nitalieleza kwa kabureta. Usicheke.

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya kwenye parokia yenye Honda CG125 kuukuu, aina iliyoanza kutengenezwa miaka ya katikati ya 1970. (Ndugu zangu wa bodaboda, wengi mnaendesha wajukuu zake, injini nyingi za pikipiki za Kichina zimeigwa kutoka kwake.) Ilikuwa imelala stoo miaka mingi na petroli ndani. Petroli ikikaa hivyo, sehemu yake nyepesi huvukia ikabaki gundi ya kahawia. Maji yaliyoingia nayo, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, huzama chini ya bakuli la kabureta na kukaa hapo kimya, yakila. Ukifungua unakuta unga mweupe kwenye bodi ya alumini na ukijani kwenye jeti za shaba. Mzee aliyetunza vyombo vya parokia ndiye aliyeisafisha, mimi nikiwa mshika bisibisi.

Kitu kigumu katika kazi ile ni kujizuia. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa inaunguruma taratibu, tundu lake ni dogo mno: kwenye kabureta za Keihin jeti namba 38 ina tundu la milimita 0.38. Likiziba, mkono unawasha. Mtu anachukua spoku aliyoinoa, anachokonoa, na kweli linazibuka. Lakini shaba ni laini kuliko chuma cha spoku, kwa hiyo tundu limeshapanuka. Kuanzia siku hiyo injini inakunywa mafuta kupita kipimo, inatoa moshi mweusi, plagi inalowa. Wengine humwagia kostiksoda, ile ya watengeneza sabuni. Mapovu yanachemka, unaona raha kwamba uchafu unatoka, kumbe ni alumini yenyewe inayoyeyuka.

Mzee hakufanya hata moja. Alitoa kwanza boya, raba na gasketi zote, maana dawa kali huziharibu. Jeti zilizogoma kufunguka hakuzilazimisha. Aliitia bodi kwenye maji ya moto, kwa kuwa alumini hutanuka kuliko shaba, na nyuzi zikalegea. Kisha siki iliyozimuliwa, muda mfupi, kwa sababu siki nayo ikiachwa humo inahamia kwenye chuma kizima. Anatoa, anasugua kwa mswaki, anasuuza kwa maji yenye magadi soda kuua ukali wa siki, anakausha, anaangalia. Anarudia. Tundu la jeti alilipitisha uzi mmoja wa waya wa umeme wa shaba, kuupitisha tu, bila kusugua. Siku nne tulikuwa kwenye kitu kinachoenea kiganjani.

Sasa sikiliza. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya tatu ya Summa Theologiae, swali la 86, anauliza kama dhambi ikishasamehewa masalia yake nayo yanatoweka yote. Anajibu kwamba hatia inaondolewa, ila mwelekeo ambao matendo yale yaliuacha ndani ya mtu unaweza kubaki, ukiwa umedhoofishwa, hauna tena mamlaka ya kumtawala. Na mfano anaouchukua ni yule kipofu wa Bethsaida katika Marko sura ya 8, ambaye Yesu alimgusa mara mbili: mara ya kwanza akaona watu kama miti inayotembea, mara ya pili akaona sawasawa. Katekisimu, namba 1459, inasema jambo hilohilo: ondoleo linafuta dhambi, lakini si kila uharibifu ulioletwa nayo, na mtu aliyeinuliwa bado ana afya ya kuitafuta.

Yaani: Kitubio kilifanya kazi. Siku ileile, dhambi yote, bila salio. Kinachokusumbua wiki mbili baadaye ni mazoea, na mazoea husafishwa kwa siku nne, wakati mwingine kwa miaka minne. Na kuhusu uongo, tofautisha kuogopa kwamba utaanguka na kukusudia kuanguka. Aliyekusudia kwa dhati kuacha, huku anatetemeka akijua udhaifu wake, ameungama vizuri. Muongo ni yule ambaye ameshapanga.

Mfano wangu una kikomo, nao unachechemea mahali pazuri. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema jiwe ulirushe juu hata mara elfu kumi, halitazoea kwenda juu. Kabureta ni hivyohivyo: haijifunzi kitu. Wewe unajifunza. Kila usiku unaokataa unaacha kitu ndani yako, hata kama usiku unaofuata ulishindwa. Na neema haikusubiri nje kama fundi anayesubiri malipo. Inafanya kazi ndani ya kukataa kwako.

Yule kijana, kabla hajaacha kuungama, alishika spoku. Alifunga siku tatu bila chakula wala maji, akaweka nadhiri mbele ya Tabernakulo kwamba asipoacha Mungu amchukue, akavunja simu. Mwezi ulipopinduka alianguka vibaya kuliko kwanza, na sasa juu yake kuna nadhiri iliyovunjika. Kufunga ni kuzuri, Kanisa linatufundisha, lakini kwa kipimo na kwa kuongozwa. Mwili wako Kristo aliununua kwa damu. Hukupewa uuchokonoe hadi upanuke mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Jambo ambalo vijana wengi hatuligusi ni tangi. Kabureta ilipokuwa tayari, inang'aa, nilitaka tuifunge tuwashe. Mzee akaniangalia tu, akaenda kutikisa tangi la mafuta lililojaa siki na kokoto. Kutu iliyotoka mle, jamani! Kama tungefunga, kwa siku chache ingeteremka yote kwenye jeti zile safi. Simu iliyo chini ya mto saa sita usiku, mlango umefungwa, hujasali, umetoka kugombana na mtu: hilo ndilo tangi. Ukiungama kila mwezi bila kuigusa saa sita ile, unasafisha kabureta na kuirudishia kutu.

Nabii Ezekieli, sura ya 24, ana maneno makali kuhusu sufuria ambayo kutu yake haitoki hata kwa moto. Watu hulikwepa somo hilo, lakini lisome. Mungu analalamika kwamba alitaka kuusafisha mji na wenyewe ukakataa. Kisha endelea mpaka sura ya 36, uone kama alikata tamaa.

Chini ya bakuli la kabureta yetu vishimo vidogo vilibaki, pale maji yalipokaa. Chuma kilicholiwa hakirudi. Ila havikuwa kwenye kikalio cha sindano inayozuia mafuta, basi Mzee akafunga, na padre akaenda nayo vigangoni.

Jumamosi hii nenda. Mimi si padre, siwezi kukuondolea, naweza tu kukusukuma mlangoni. Usiishie kutaja dhambi na idadi. Mwambie padre ni saa ngapi, uko wapi, umekasirika au uko mpweke, yaani mwambie habari za tangi. Kama padre wenu anaijua sauti yako na unaona aibu, nenda parokia ya jirani, ruhusa unayo. Ila ukimpata mmoja, rudi kwa huyohuyo, maana anayekuangalia kila baada ya wiki mbili anaona unga umepungua kiasi gani kabla wewe hujaona.