WENYE KUTUKANA BILA JINA



Masomo yetu: 1 Wakorintho 1:10-13 na Matendo 19:23-41.

Habari ya Wenge Musica mnaijua wote. Orkestra ile ilizaliwa Kinshasa, na mwaka 1997 ilipasuka. JB Mpiana alibaki na Wenge BCBG, Werrason akaenda na Wenge Musica Maison Mère. Wapenzi wao nao wakapasuka, hata mbali na Kinshasa: huyu ni wa JB, yule ni wa Werra. Tarehe 30 Juni 2022 wakubwa wale wawili walipanda tena pamoja jukwaani, katika Stade des Martyrs. Wao walisimama pamoja. Wapenzi wao wanaendelea kugombana.

(Kama unacheza ndombolo nyumbani kwako, hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Neno langu leo ni kwa wale wanaogombana huku wamejificha. Mtu anajipa jina la simba au la jemadari, anaficha sura yake, halafu anamtukana mwenzake asiyemjua. Anamtukana mama yake. Anatukana kabila lake. Sababu ni nini? Ni nani aliimba vizuri zaidi, nani alijaza uwanja! Wandugu, ninyi mnajua tusi la kabila linazaa nini katika inchi yetu. Tumezika watu. Tusi lile halipungui uzito kwa kuwa liliandikwa juu ya muziki.

Wakorintho nao walikuwa na wapenzi: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Na hapa kuna neno dogo ambalo wengi wanalipita mbio. Paulo alipoandika juu ya ugomvi ule, alitaja waliomletea habari: watu wa nyumba ya Kloe. Hakusema tu kwamba amesikia maneno yanazunguka. Barua ile ilisomwa mbele ya kanisa, na kila mtu akajua neno limetoka nyumba gani. Mwenye hasira aliweza kwenda kupiga hodi kwa Kloe na kuuliza. Na Paulo mwenyewe, alipokosana na Petro kule Antiokia, alimpinga uso kwa uso (Wagalatia 2:11). Lilikuwa neno kali. Lakini Petro alijua nani anasema naye, na aliweza kujibu.

Sasa tazameni Efeso. Watu walikimbia hata mahali pa michezo, wakapiga kelele muda wa saa mbili, na Luka anasema wengi wao hawakujua hata kwa nini wamekusanyika. Jina la Demetrio tunalo, yeye aliyewasha moto kwa ajili ya biashara yake. Majina ya Gayo na Aristarko tunayo, waliokamatwa na kuburutwa. Wale wa kelele, hakuna. Karani wa mji aliwaambia neno la akili: mwenye mashitaka aende mahali pa hukumu, pale mtu anaposimama na kusemeshwa.

Basi wewe uliyeandika tusi la kabila chini ya jina la uongo, lifute leo. Halafu umwandikie mtu yule tena kwa jina ulilopewa na wazazi wako, umwambie ni wewe, umwombe radhi.

Na wazazi msiseme ni mambo ya watoto. Vijana wa mwaka 1997 leo ni wababa wenye mvi, na kati ya hao majemadari wa uongo wako wanaokaa benchi la mbele Jumapili. Anayeona ni vigumu kuandika barua ile peke yake, anikute baada ya ibada, tutaiandika pamoja.